Utafiti kuhusu Pride, Uafrika na mashamba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wanafunzi wa shahada za uzamili na uzamivu, na watafiti wa kilimo ambao dodoso zao zimekutana na kaya zisizoingia kwenye visanduku vilivyozoeleka.

Pride, maandamano ya kudai haki za wapenzi wa jinsia moja na wenzao (LGBTQ), ni jambo la mjini. Kilimo kinaingiaje?

Kinaingia kupitia ardhi. Mabishano ya kama mapenzi ya jinsia moja ni "ya Kiafrika" au la huendeshwa kwa lugha ya asili: ukoo, mahari, urithi, jina la baba. Vyote hivyo vina shamba nyuma yake. Anayesema fulani ameacha mila mara nyingi anamaanisha pia kwamba fulani hatapewa kipande cha ardhi. Ukiwahoji waandamanaji wa Pride peke yao utapata hotuba kuhusu utambulisho. Waulize nani alirithi shamba la nyumbani, nani analilima sasa na nani alifukuzwa, na utapata data inayoweza kulinganishwa na za watu wengine.

Sababu ya pili ni kwamba maandishi mengi ya kitaaluma kuhusu watu wa LGBTQ barani yanatoka Johannesburg, Cape Town, Nairobi na Kampala. Ya vijijini ni haba. Kazi ya Graeme Reid katika mji mdogo wa Ermelo, Mpumalanga, ni mojawapo ya chache zilizotoka nje ya majiji, nayo pia inahusu zaidi saluni na mitindo kuliko mashamba.

Pride ilianza lini Afrika, na nyaraka zake nizipate wapi?

Maandamano ya kwanza yalifanyika Johannesburg tarehe 13 Oktoba 1990, yakiongozwa na GLOW, shirika la mashoga na wasagaji la eneo la Witwatersrand. Walikuwepo wanaharakati Simon Nkoli na Beverley Ditsie, na watu walioandamana walikadiriwa kuwa takriban 800. Baadhi walivaa mifuko ya karatasi vichwani wasitambuliwe. Nkoli alikuwa ametoka kwenye kesi ya uhaini ya Delmas, iliyowakabili wapinzani wa ubaguzi wa rangi, miaka michache tu kabla, kwa hiyo tangu siku ile ya kwanza suala la rangi na la jinsia yalikwenda pamoja.

Usiishie 1990. Soweto Pride ilianza 2004 kwa sababu wanawake weusi wa vitongojini waliona maandamano ya mjini hayawahusu. Oktoba 2012 wanaharakati wa kampeni ya One in Nine walilala barabarani mbele ya Joburg Pride, wakidai dakika moja ya ukimya kwa ajili ya watu weusi wa LGBTQ waliouawa, na wakasukumwa na baadhi ya waandamanaji wenyewe. Mwaka uliofuata kampuni iliyokuwa ikiandaa sherehe hiyo ilivunjwa. Anayeandika kuhusu Uafrika na Pride akaruka tukio la 2012 ameruka mahali ambapo swali lake liliulizwa waziwazi.

Nyaraka ziko GALA, hifadhi iliyoanzishwa 1997 mjini Johannesburg yenye uhusiano wa karibu na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Waandikie mapema na ueleze unataka nini hasa: mabango, kumbukumbu za mikutano au mahojiano ya sauti. Ombi la "kila kitu kuhusu Pride" litakurudia na maswali.

Uganda ilifanya Pride yake ya kwanza Entebbe, Agosti 2012, na Agosti 2016 polisi walivamia shindano la wiki ya Pride katika klabu moja ya Kampala. Juni 2018 kikundi cha wakimbizi kiliandamana ndani ya kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya.

Je, ndoa ya mwanamke kwa mwanamke ni ushahidi kwamba mapenzi ya jinsia moja yalikuwepo Afrika?

Hili ndilo swali linaloharibu tasnifu nyingi, kwa sababu mwanafunzi huja na jibu tayari, la ndiyo au la hapana.

Anza na jinsi ndoa yenyewe inavyofanya kazi. Kwa Wanandi wa Bonde la Ufa, mke wa kila nyumba hutengewa sehemu yake ya ng'ombe na ardhi, na sehemu hiyo inapaswa kwenda kwa watoto wa kiume wa nyumba hiyo. Mama akifikia umri wa kutozaa bila kupata mtoto wa kiume, mali ya nyumba yake itaangukia watoto wa mke mwenza au wa shemeji zake. Ili kuzuia hilo, anatoa mahari na kuoa msichana. Msichana huzaa na mwanamume mwingine, na watoto huhesabiwa wa nyumba ya mwanamke aliyeoa. Desturi zinazofanana na hiyo zipo kwa Wakamba, Wakikuyu, Wakisii, na kwa Wakurya wa pande zote mbili za mpaka. Mkoani Mara inajulikana kama nyumba ntobhu.

Regine Smith Oboler, aliyeandika kuhusu Wanandi mwaka 1980, alieleza kwamba mwanamke aliyeoa huhesabiwa mwanamume hasa panapohusika mali na urithi, na kwamba uhusiano wa kimwili si sehemu ya ndoa hiyo. Wairimũ Ngarũiya Njambi na William O'Brien waliandika mwaka 2000 kuhusu wanawake wa Kikuyu, wakakosoa tabia ya kuifanya ndoa hii kuwa mbinu ya urithi na basi. Wanawake waliowahoji walitaja pia mapenzi, uandani, na kutaka mtu wa kusaidiana naye kazi na malezi.

Kwa hiyo kuna makosa mawili yanayokaa pande tofauti. La kwanza ni kuwaita wanawake hawa wasagaji wa kale. Wengi wao watakufukuza uani, na watakuwa na haki. La pili ni kusema ndoa hii haina uhusiano wowote na mjadala wa jinsia. Inao, na mkubwa: inaonyesha kwamba cheo cha mume kiliweza kushikwa na mwanamke, kwa sababu cheo hicho kilifungwa kwenye shamba na mifugo. Hilo peke yake linatosha kuyumbisha madai kwamba ndoa ya Kiafrika imekuwa na sura moja tangu zamani. Huhitaji kuongeza chumvi.

Uliza pia kuhusu mke aliyeolewa: alikuwa na umri gani, aliridhia, nani alimchagulia mwanamume wa kuzaa naye, na iwapo ana sauti juu ya mazao. Utafiti unaomsikiliza aliyeoa peke yake huleta picha ya ukombozi ambayo mke huenda haitambui.

Kisheria ndoa hizo zinasimama wapi?

Kenya, Katiba ya 2010 katika ibara ya 45 inatoa haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitaja ndoa kuwa muungano wa mwanamume na mwanamke. Hata hivyo, mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa, katika shauri la mirathi, ilitambua ndoa ya kimila ya Kinandi kati ya wanawake wawili, na mke pamoja na watoto wake wakakubaliwa kuwa warithi. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inataja mwanamume na mwanamke, kwa hiyo nyumba ntobhu haisajiliwi. Mgogoro ukitokea, mke hubaki akitegemea wazee.

Na mifano ya Azande inayotajwa kila mahali?

Itumie kwa tahadhari kubwa. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard alichapisha mwaka 1970 maelezo kuhusu askari wa Kizande, jamii ya Sudan Kusini na nchi jirani, waliooa vijana wa kiume kwa kuwatolea wazazi mikuki kama mahari. Ni kumbukumbu za wazee kuhusu desturi iliyokuwa imekwisha kutoweka, na wengi wa vijana hao walikuwa kati ya miaka 12 na 20. Ukiitaja kama mfano wa mapenzi ya watu wazima walioridhiana, msomaji makini atakukamata, na anayepinga kazi yako atapewa silaha bure.

Naweza kuandika kwamba sheria za kupinga mapenzi ya jinsia moja zililetwa na mkoloni?

Unaweza, lakini usiishie hapo. Maneno "kinyume cha maumbile" yaliingia kutoka sheria za jinai za Kiingereza zilizotungiwa makoloni, hasa ile ya India ya 1860 na ya Queensland ya 1899. Lakini Tanzania iliongeza ukali wa adhabu kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, na sheria ya Uganda ya 2023 ilitungwa na Bunge la Uganda. Upande wa pili pia ni wa Waafrika wenyewe. Botswana iliondoa jinai hiyo kwa hukumu ya Mahakama Kuu ya 2019 iliyothibitishwa kwenye rufaa 2021, Msumbiji iliiondoa katika kanuni mpya ya adhabu ya 2015, na Angola ilifanya hivyo pia katika kanuni iliyoanza kutumika 2021. Anayelaumu ukoloni kwa kila kitu anawapokonya Waafrika wa pande zote mbili nafasi ya kuwa watendaji.

Utafiti wenyewe ni halali?

Kuuliza na kuandika si kosa la kufanya tendo, lakini mazingira hutofautiana sana.

Afrika Kusini: katiba inakataza ubaguzi kwa misingi ya mwelekeo wa kimapenzi. Maandamano ya zaidi ya watu 15 yanahitaji taarifa kwa mamlaka ya mji, kwa kawaida siku 7 kabla. Faili za taarifa hizo ni chanzo kizuri kinachosahaulika, maana zina njia ya maandamano, idadi iliyotarajiwa na majina ya mashirika.

Kenya: vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja, bado vipo, na Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta Mei 2019. Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba shirika la kutetea watu wa LGBTQ haliwezi kunyimwa usajili kwa sababu hiyo tu.

Uganda: Mahakama ya Katiba, Aprili 2024, ilifuta baadhi ya vifungu vya sheria ya 2023, kikiwemo kilichowalazimu watu kuripoti. Kifungu kuhusu "kuendeleza" ushoga kilibaki kwa sehemu kubwa, na adhabu yake hufika miaka 20. Pata ushauri wa wakili kabla ya kuchapisha chochote ndani ya nchi, hata bango la mkutano.

Tanzania Bara: kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kuhusu tendo "kinyume cha maumbile", kina adhabu ya hadi maisha, isiyopungua miaka 30. Zanzibar ina sheria yake ya adhabu.

Vibali vinafuata mpangilio gani?

Kamati ya maadili kwanza, kisha kibali cha taifa kutoka tume au baraza la sayansi la nchi. Kenya ni kamati iliyoidhinishwa, kisha NACOSTI. Uganda ni kamati, kisha UNCST. Tanzania ni COSTECH, na utafiti wa afya hupitia pia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Baada ya hapo utakwenda wilayani au kaunti, halafu kwa chifu au mtendaji wa kijiji. Hapo ndipo mambo huvuja. Barua husomwa na karani, mgambo na yeyote aliyekaa kwenye benchi la ofisi, na kichwa cha habari kikiwa na herufi LGBTQ, kufikia jioni kila atakayeonekana akiongea nawe ameshapewa jina.

Njia inayokubalika ni kueleza kila kitu kwa kamati ya maadili, pamoja na dodoso zima, kisha kuomba ikubali kichwa kifupi kwa matumizi ya vijijini, kwa mfano "Mahusiano ya kifamilia na urithi wa ardhi ya kilimo". Kichwa hicho kiwe cha kweli. Ukiandika "matumizi ya mbolea" wakati huulizi mbolea, umedanganya mamlaka, na kibali kinaweza kufutwa.

Dodoso la kilimo lina shida gani?

Shida iko kwenye orodha ya wanakaya. Kila mtu hupewa msimbo wa uhusiano na mkuu wa kaya: mke au mume, mtoto, mzazi, ndugu, mfanyakazi, mpangaji. Wanawake wawili wanaoishi na kulima pamoja wataandikwa "ndugu" au "mpangaji", kwa sababu mdadisi ana dakika chache na kifaa hakimruhusu kupita bila kujaza. Mwanamke wa Kinandi aliyeoa ataandikwa "mjane", na mkewe "mkwe". Data haionyeshi pengo lolote, na hilo ndilo baya zaidi.

Usitatue kwa kuongeza swali la mwelekeo wa kimapenzi kwenye dodoso linalojazwa uani huku majirani wakisikiliza. Uliza kwa kila kipande cha shamba: nani aliamua kipandwe nini msimu uliopita, nani alipokea pesa baada ya kuuza, jina la nani liko kwenye hati au kwa wazee, nani atalilima mwenyewe akifariki. Majibu hayo manne yanaeleza uhusiano vizuri kuliko msimbo wowote, na hayamweki mtu hatarini.

Vipimo navyo vina mitego. Gunia la mahindi Kenya ni kilo 90, Tanzania huhesabiwa 100, na lumbesa huzidi hapo. Ekari moja ni hekta 0.405, lakini "shamba langu" huenda likawa vipande vitatu katika kata mbili. Mazungumzo kuhusu urithi hukolea pale unapotembea mpaka wa kipande na mwenyewe, kwa hiyo tenga muda wa kutembea.

Nitapataje watu wa kuhoji kijijini?

Mjini watafiti hutumia sampuli ya mnyororo: wahojiwa wa kwanza wachache wanapewa kuponi, kwa kawaida tatu kila mmoja, wawaletee marafiki. Kijijini kuponi ni ushahidi mfukoni. Isitumike. Pitia mtu mmoja anayeaminika, mwache yeye aulize kwanza, na mhojiwa achague mahali, ambapo mara nyingi ni mji wa jirani siku ya gulio. Lipa nauli kamili na chakula. Usilipe kiasi kitakachomfanya mtu ashindwe kukataa.

Maneno ya kwenye dodoso yawe ya wastani, kama "mahusiano ya watu wa jinsia moja", kisha fuata neno ambalo mhojiwa mwenyewe analitumia.

Nataka takwimu za kijiji kizima. Mbinu ya orodha inafaa?

Kwa nadharia, ndiyo. Unagawa sampuli mara mbili kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza linasomewa kauli nne za kawaida, la pili linasomewa zile nne na moja nyeti. Mhojiwa anataja idadi tu ya kauli zinazomhusu, bila kusema zipi. Tofauti ya wastani wa makundi ndiyo makadirio yako.

Kiutendaji wengi huanguka kwenye ukubwa wa sampuli. Chukua mfano: kundi moja lina wastani wa 2.10, jingine 2.16, tofauti ni asilimia 6. Kama mtawanyiko wa majibu ni takriban 0.9 na kila kundi lina watu 500, kiasi cha shaka ni karibu asilimia 11 juu na chini. Umepata namba isiyosema kitu. Hata kwa 1,000 kila kundi shaka hubaki karibu asilimia 8. Kosa jingine ni kuchagua kauli nne zinazomhusu kila mkulima: anayejibu "tano" amejianika. Weka mbili zinazopingana, kama "nilinunua mbegu dukani msimu uliopita" na "nilipanda mbegu zangu za akiba pekee", moja inayowahusu karibu wote na moja inayowahusu wachache.

Data nizilinde vipi?

Programu za dodoso za kilimo hurekodi mahali kwa GPS bila kuuliza, na kwenye utafiti huu hiyo ni sawa na kuandika jina. Mchoro wa mipaka ya shamba unamtambulisha mwenye shamba hata baada ya kufuta kila kitu kingine. Zima GPS kwenye fomu na kwenye kamera ya simu. Ukihitaji mahali kwa ajili ya mvua au udongo, punguza hadi desimali mbili za digrii, yaani takriban kilomita 1.1, na vijijini hata hiyo ni karibu mno. Tafiti za DHS, zile za kitaifa za idadi ya watu na afya, husogeza vituo vya vijijini hadi kilomita 5, na vichache hadi 10.

Ridhaa iwe ya mdomo, na mtafiti atie sahihi kwamba imetolewa. Karatasi yenye sahihi ya mhojiwa ndiyo hati pekee inayomuunganisha na utafiti. Ufunguo wa namba na majina ukae mbali na majibu, na uharibiwe kwa tarehe uliyoitaja mbele ya kamati. Kwenye jedwali, kisanduku chenye watu chini ya 5 kiunganishwe na kingine. "Mwanamke, ekari 3.5 za chai, ng'ombe wawili wa gredi, kata fulani" ni mtu mmoja anayejulikana na kila dereva wa bodaboda.

Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 inautaja mwelekeo wa kimapenzi kuwa taarifa nyeti. Ya Uganda ya mwaka huohuo inabana ukusanyaji wa taarifa za maisha ya kimapenzi, na Tanzania ina sheria yake ya 2022.

Kalenda ya shamba inaathiri utafiti wa Pride?

Sana, na ni wachache wanaoiweka kwenye mpango. Oktoba, mwezi wa Joburg Pride, ni mwanzo wa kupanda mahindi katika nyanda za juu za Afrika Kusini. Cape Town Pride huangukia Februari na Machi, kipindi cha kuvuna zabibu Western Cape. Vibarua wa mashamba hawatakuwepo kwenye sampuli yako, na kutokuwepo kwao si ishara kwamba hawajali. Kwa Wanandi, mahindi hupandwa Machi na Aprili na kuvunwa kuanzia Oktoba hadi Desemba. Januari na Februari ndipo watu wana nafasi ya kukaa. Ukija wakati wa palizi utajibiwa kwa mkato na mtu aliyeshika jembe.

Nihesabuje umati wa maandamano?

Usitumie namba ya waandaaji wala ya polisi peke yake. Simama sehemu mbili za njia, hesabu wanaovuka mstari kwa dakika moja kila baada ya dakika tano, kisha zidisha. Sehemu ya pili ni muhimu kwa kuwa wengi hujiunga katikati. Kwa umati uliosimama, pima eneo na msongamano, lakini angalia jinsi kosa dogo linavyokua: barabara ya mita 300 kwa 12 ni mita za mraba 3,600. Kwa mtu mmoja kila mita ya mraba ni watu 3,600, kwa wawili na nusu ni 9,000. Toa kiwango cha chini na cha juu, na picha zipigwe kutoka nyuma au juu, nyuso zisionekane.

Matokeo niyarudishe kijijini namna gani?

Gawa mara mbili. Mkutano wa kijiji upate sehemu ya ardhi na urithi: ni mashamba mangapi hayana hati, wajane wangapi walinyang'anywa, taratibu za mirathi mahakamani zikoje. Hiyo ina faida kwa wote na haimwelekezi mtu kidole. Sehemu inayohusu mahusiano irudishwe kwa wahojiwa wenyewe, mmoja mmoja, kwa njia waliyoichagua siku ya kwanza. Wasomewe aya zinazowahusu kabla hazijachapishwa, na anayesema "hii itoe" aya yake itolewe.